Kinoo: Mtaji mdogo unaosahaulika mialoni na mashambani Kigoma

WAHENGA walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika usemi huo hauhitaji tafsiri. Mwenye kisu kikali ndiye anayepasua mgebuka bila kuuchana. Mwenye panga kali ndiye anayeangusha mkungu wa chikichi kwa mapigo machache, na mwenye wembe mkali ndiye kinyozi ambaye mteja wake hurudi wiki inayofuata.

Hata hivyo, makali hayaji yenyewe. Yanatoka kwenye jiwe la kunolea, yaani kinoo, kifaa ambacho mjasiriamali hukinunua mwisho, baada ya kisu, beseni, mizani na mfuko wa plastiki. Mara nyingi hukinunua bila kukichunguza. Muuzaji akisema, "Chukua hiki mama, kinanoa kila kitu," biashara imeisha.

Ukweli ni kwamba hakuna kinoo kinachonoa kila kitu. Jiwe linalofaa panga la shambani huharibu wembe wa kinyozi. Jiwe linalofaa wembe litakuchosha siku nzima ukilitumia kwenye panga. Anayetaka faida hana budi kuiacha kazi yenyewe ichague kinoo.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kinoo, namna ya kukitumia na hesabu yake katika mfuko wa mkulima na mchuuzi.

Kwa nini makali ni suala la fedha

Tuanze na mialo. Katika mialo kama Kibirizi na Katonga, samaki hushushwa asubuhi na kazi ya kupasua huanza papo hapo. Dagaa hawahitaji kisu, huanikwa wazima. Lakini mgebuka, kuhe na sangala hupasuliwa kabla ya kutiwa chumvi, kuanikwa au kubanikwa.

Kisu butu hakikati nyama ya samaki, bali huisukuma na kuichana. Nyama iliyochanika hukauka vibaya: sehemu nyembamba hukauka mapema na kuvunjika, wakati sehemu nene inabaki na unyevu ndani. Samaki wa namna hiyo hupangwa daraja la chini, na akisafirishwa mbali hufika vipande vipande.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Aidha, hata katika miezi ya kawaida, wavuvi wa taa hupumzika wakati wa mbalamwezi kwa kuwa mwanga wa mwezi hushinda mwanga wa taa zao. Siku za kazi zinapokuwa chache, kila samaki anayeharibika mezani ni hasara isiyo na pa kufidiwa.

Mashambani hali ni hiyo hiyo. Tangu Serikali ilipoanza mwaka 2018 kampeni ya kufufua zao la michikichi mkoani Kigoma, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu bora za Tenera, ambazo ni matokeo ya kuchanganya Dura na Pisifera. Mkulima anayeingia gharama ya miche bora anatarajia mafuta mengi na yenye ubora.

Lakini ubora wa mawese huanza kupotea pale tunda linapojeruhiwa. Tunda la chikichi likipondeka, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta na kuongeza tindikali. Panga au patasi butu hulazimisha mvunaji kupiga mara nyingi, na kila pigo linalokosa shina la mkungu huponda matunda. Mawese yenye tindikali nyingi huharibika upesi na mnunuzi makini huyakataa au huyashusha bei.

Zaidi ya hayo kuna usalama. Chombo butu huhitaji nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndiyo inayofanya kisu kiteleze na kumkata mtumiaji. Mvunaji aliye juu ya mchikichi mrefu, akining'inia kwa kamba, hana nafasi ya kupiga panga lisilokata.

Hesabu ya mama wa mwaloni

Tuchukue mfano, kwa ajili ya kuonyesha hesabu tu. Mama anapasua migebuka kwa siku 20 za mwezi. Kwa sababu ya kisu butu, samaki watatu kila siku wanachanika, na kila mmoja anauzwa pungufu kwa Sh 500. Hasara yake ni Sh 1,500 kwa siku, au Sh 30,000 kwa mwezi.

Sasa tuseme kinoo kizuri cha pande mbili kinauzwa Sh 15,000 na kinadumu miaka miwili. Gharama yake ni Sh 625 kwa mwezi, ambayo haizidi Sh 32 kwa kila siku ya kazi. Hata kama kinoo kitaokoa samaki mmoja tu kati ya watatu wanaoharibika, mama huyo bado anabaki na faida ya zaidi ya Sh 9,000 kila mwezi.

Kila msomaji aweke bei za soko lake mahali pa hizi. Jibu litabadilika, lakini mwelekeo wake ni vigumu kubadilika: kinoo ni miongoni mwa vifaa vya kazi vinavyorudisha fedha mapema zaidi.

Ijue lugha ya vinoo

Kinoo hufanya kazi kwa chembe ndogo ngumu zinazokwangua chuma. Chembe kubwa hukwangua haraka lakini huacha mikwaruzo mirefu. Chembe ndogo hukwangua polepole na kuacha makali laini. Ukubwa wa chembe huonyeshwa kwa namba: namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo.

Kwa kazi za kawaida ngazi ni hizi. Namba 100 hadi 300 ni za kurudishia umbo chombo kilichochanika au kuliwa vibaya. Namba 800 hadi 1,000 ndizo zinazotengeneza makali yenyewe. Namba 3,000 hadi 4,000 hulainisha, na namba 8,000 na kuendelea hung'arisha makali ya wembe.

Tahadhari moja ni kwamba namba za viwanda vya Japani na zile za Ulaya hazilingani katika vinoo laini sana. Usichanganye vinoo vya viwanda tofauti kwa kutegemea namba peke yake.

Vinoo vingi vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni vya kutengenezwa kiwandani. Vimo vya kaboni na silikoni, vilivyoanza baada ya Mmarekani Edward Acheson kugundua namna ya kuitengeneza chembe hiyo mwaka 1891. Vimo pia vya oksidi ya aluminiamu. Chembe za aina zote mbili ni ngumu kuliko chuma cha kisu chochote, kwa hiyo zote zinanoa. Tofauti kubwa iko kwenye ukubwa wa chembe na ubora wa gundi inayozishika.

Je, mawe ya ziwani yanafaa?

Wakazi wa mwambao wamekuwa wakinoa kwa mawe ya asili tangu enzi, na hawakukosea. Miamba ya maeneo ya Kigoma ina mawe ya mchanga yaliyoshikamana sana, na sehemu kubwa ya chembe za mawe hayo ni kwatzi. Kwatzi ni ngumu kiasi cha kutosha kukwangua chuma cha jembe, panga na kisu cha kawaida.

Tatizo ni kwamba jiwe la asili halina namba. Chembe zake huweza kuwa ndogo upande mmoja na kubwa upande mwingine. Chembe moja kubwa ikijificha katikati ya jiwe laini hutosha kuchora mfuo kwenye wembe, na kazi ya nusu saa ikawa bure. Isitoshe, chuma cha wembe kimekomazwa sana, kiasi kwamba ugumu wake unakaribia ule wa kwatzi. Jiwe hilo litakikwangua polepole mno.

Kwa hiyo ushauri ni huu: jiwe la ziwani linafaa kwa jembe, panga na shoka. Chagua lenye chembe ndogo zinazofanana, lisilo na ufa, na lenye uso bapa. Lilowanishe, kisha lisuguie msumari. Likiacha alama nyeusi kwenye jiwe bila jiwe lenyewe kumong'onyoka, linanoa. Usilitumie kwenye wembe.

Duniani yapo mawe ya asili yanayofaa wembe, na yamepata sifa kwa karne nyingi. Mfano ni jiwe la manjano liitwalo coticule, linalochimbwa milima ya Ardennes nchini Ubelgiji, ambalo hunoa kwa chembe ndogo za madini ya garneti. Lakini bei yake ni kubwa, na kinyozi wa Ujiji hana sababu ya kulifuata huko wakati kinoo cha kiwandani hufanya kazi hiyo hiyo.

Unapokwenda dukani

Mnunuzi anapaswa kukagua mambo matano kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, atafute namba. Kinoo kisichoandikwa namba popote ni cha kubahatisha, na mara nyingi pande zake zote ni za chembe kubwa.

Pili, akague ubapa. Aweke rula juu ya kinoo na kukiinua kwenye mwanga. Mwanga ukipita katikati, kinoo kimepinda na kitapindisha makali.

Tatu, akwaruze pembe yake kwa ukucha. Chembe zikidondoka kama unga, gundi ni dhaifu na kinoo kitaliwa ndani ya miezi michache.

Nne, aangalie ukubwa. Kinoo cha sentimita 18 hadi 20 kwa urefu na sentimita 5 au zaidi kwa upana kinatosha kazi nyingi. Vinoo vidogo vya mfukoni ni vya safari, si vya meza ya biashara.

Tano, asidanganywe na rangi. Rangi ya kinoo haisemi lolote la uhakika kuhusu ukubwa wa chembe zake.

Fedha ikiwa kidogo, ni afadhali kununua kinoo kimoja cha pande mbili, upande mmoja takriban namba 300 na mwingine takriban namba 1,000, kuliko kununua vinoo vitatu visivyo na namba.

Pale ambapo kinoo laini hakipatikani, msasa wa maji unaotumiwa na mafundi wa rangi za magari ni mbadala mzuri. Bandika karatasi ya namba 1,000, na baadaye 2,000, juu ya kipande cha kioo kinene. Ila ukitumia msasa, vuta kisu kwa kutanguliza mgongo. Ukitanguliza makali utaichana karatasi.

Maji au mafuta?

Vyote viwili hufanya kazi moja: kuondoa unga wa chuma usizibe vitundu vya jiwe. Ila ukishachagua kimoja, usibadilishe. Kinoo kilichonyweshwa mafuta hakinywi maji tena sawasawa.

Kwa mkazi wa ziwani, maji ndiyo chaguo la busara. Hayana gharama, na hayaachi harufu kwenye kisu kitakachogusa samaki.

Usitumie mawese wala mafuta yoyote ya kupikia. Mawese huganda hali ya hewa ikipoa, na mafuta ya kupikia huchacha na kunata. Baada ya wiki kadhaa jiwe huziba na kuteleza kama kigae, na mwenye nalo hudhani limekwisha.

Kinoo cha kiwandani cha namba 1,000 au chini yake kiloweke dakika 5 hadi 10, mpaka mapovu yaishe. Vinoo laini sana vingi vinyunyiziwe maji tu, kwani baadhi hupasuka vikilowekwa muda mrefu.

Namna ya kunoa kisu cha samaki

Siri ya kunoa kisu ni pembe isiyobadilika. Kwa kisu cha samaki, ambacho hukutana na miiba na mifupa, pembe ya nyuzi 20 kila upande inafaa. Ukiifanya ndogo zaidi makali yatakuwa membamba na yatavunjika yakigusa mfupa.

Huna haja ya chombo cha kupimia pembe. Kama kisu kina upana wa sentimita 4, mgongo wake ukiinuliwa takriban sentimita 1.4 juu ya jiwe, hiyo ndiyo pembe yenyewe.

Sukuma kisu kwa kutanguliza makali, kana kwamba unakata ganda jembamba kutoka kwenye jiwe, kuanzia kwenye mpini hadi nchani. Fanya upande mmoja mpaka uhisi, kwa kupitisha kidole taratibu kutoka mgongoni kuelekea nje, kwamba chuma kimejikunja kidogo upande wa pili kwa urefu wote wa kisu. Hiyo ni dalili kwamba jiwe limefika kwenye ncha ya makali. Kisha geuza na ufanye upande wa pili vivyo hivyo.

Mwisho, punguza nguvu na ubadilishe upande kila baada ya mpitisho mmoja. Hapo ule ukingo uliojikunja utaondoka. Wengi huishia kabla ya hatua hii, na ndiyo maana kisu chao hukata vizuri kwa samaki kumi wa kwanza na kuwa butu kwa wa kumi na moja.

Osha kisu kwa maji safi na sabuni kabla ya kukirudisha mezani, ili unga wa chuma usiingie kwenye chakula cha watu.

Panga, patasi na shoka

Chuma cha panga ni laini kuliko cha wembe, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa, la sivyo lingevunjika kwenye shina. Kwa sababu hiyo tupa hufanya kazi haraka kuliko kinoo. Kaza panga lisitikisike, sukuma tupa mbele kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30, na uinyanyue wakati wa kurudi. Tupa hukata ikienda mbele tu, kuiburuza ikirudi ni kuimaliza meno.

Baada ya tupa, pitisha kinoo chenye chembe za wastani mara chache ili kuondoa mikwaruzo. Patasi ya kuvunia michikichi mifupi na mundu wa mti mrefu vinolewe kwa mtindo huo huo, kabla ya kwenda shambani na si baada ya kufika.

Tahadhari kubwa ni kuhusu cherehe ya umeme. Ina haraka, lakini hupasha chuma moto. Makali yakigeuka rangi ya bluu, chuma kimefikia takriban nyuzi joto 300 na kimepoteza ukomavu wake. Chombo hicho kitanoleka, lakini hakitashika makali mpaka sehemu yote ya bluu iondolewe. Anayelazimika kutumia cherehe agusishe kwa muda mfupi, achovye kwenye maji mara kwa mara, na avae miwani ya kukinga macho.

Wembe wa kinyozi: mtihani wa mwisho

Kabla ya nyembe za kutupa, ambazo Mmarekani King C. Gillette alipata hataza yake mwaka 1904, na kabla ya mashine za umeme, kinyozi alitegemea wembe mmoja wenye mpini wa kukunja. Bado wapo wanaoupenda, kwa sababu hunyoa karibu na ngozi na hudumu miaka mingi ukitunzwa.

Wembe huu ndio unaoonyesha kama mtu anajua kunoa au anabahatisha. Habari njema ni kwamba pembe yake haihitaji kupimwa. Mgongo wake ulitengenezwa kwa unene maalumu, hivyo ukilazwa bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, pembe inakuwa sahihi. Kosa la kwanza la mwanafunzi ni kuinua mgongo.

Tanguliza makali, bila kukandamiza. Uzito wa wembe wenyewe na kidole kimoja vinatosha. Kwa kuwa jiwe huwa jembamba kuliko urefu wa wembe, uvute kwa mshazari kutoka kisigino hadi ncha, ili kila sehemu ya makali ipate zamu yake. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo. Ukiugeuza juu ya makali umeharibu kazi yote.

Anza na namba 1,000, na usiondoke hapo mpaka wembe ukate vinyweleo vya mkono kwa urefu wake wote. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, kisha wakalilaumu jiwe laini. Halafu nenda 4,000, kisha 8,000. Jiwe laini halitengenezi makali, hung'arisha yale ambayo jiwe la kwanza limekwisha kuyatengeneza.

Malizia kwenye mkanda wa ngozi uliokazwa vizuri, safari hii ukitanguliza mgongo, mara 40 hadi 60. Mkanda hutumika kila kabla ya kunyoa. Jiwe hutumika mara chache tu kwa mwaka.

Afya ya mteja haina mjadala. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu, na vile vya homa ya ini huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kwa hiyo wembe mmoja usitumike kwa wateja wawili bila kutakaswa kitaalamu, na kuufuta kwa kitambaa au kuupitisha kwenye mkanda si kuutakasa. Kinyozi asiye na njia ya kutakasa atumie wembe mpya wa kutupa kwa kila mteja, na ule wa kukunja aubakize kwa matumizi yake mwenyewe nyumbani.

Vivyo hivyo, kinoo cha kunolea nyembe kisichangiwe na visu vya samaki.

Kinoo nacho hunolewa

Jiwe linalotumika katikati tu huchimbika kama mtumbwi, na kisu kinachonolewa humo hupata makali yaliyopinda. Chora mistari ya penseli juu ya uso wa jiwe, kisha lisugue juu ya sakafu bapa ya saruji iliyomwagiwa mchanga mwembamba na maji, mpaka mistari yote ifutike. Kinoo laini kisuguliwe kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo. Kwa mchuuzi anayenoa kila siku, kazi hii ifanyike mara moja kwa wiki.

Kausha kinoo kivulini na kihifadhi mahali ambapo hakitaanguka. Jiwe likivunjika vipande viwili huweza kutumika, lakini lenye ufa ni hatari mkononi.

Fursa kwa vijana

Palipo na visu vingi butu pana biashara. Kijana mwenye meza, ndoo, vinoo viwili, tupa na mkanda wa ngozi anaweza kuweka huduma ya kunoa karibu na mwalo au soko.

Tuchukue tena mfano wa hesabu. Mtaji ukiwa Sh 60,000, bei ya kunoa kisu kimoja Sh 500, na Sh 50 ikitengwa kwa kila kisu kwa ajili ya kununua jiwe jipya, kinachobaki ni Sh 450. Mtaji utarudi baada ya visu 134. Akipata visu 10 kwa siku, ni siku 14 za kazi. Baada ya hapo anacholipwa ni ujuzi wake.

Ile Sh 50 isiliwe. Biashara nyingi ndogo hazifi kwa kukosa wateja, bali kwa kula fedha ya kubadilisha kifaa kilichochakaa.

Kwa mkulima na mchuuzi ambaye hataki biashara hiyo, hatua ya kwanza ni nyepesi zaidi. Kabla ya kununua kisu kingine kipya, akitoe cha zamani, atafute kinoo chenye namba, na atenge dakika kumi jioni. Huenda akagundua kwamba kisu alichotaka kukitupa hakikuwa kibovu. Kilikosa jiwe la kukifaa.